Cattleya yangu ina michirizi kila jani jipya: ni ukungu au virusi?

MamaTrizah (Usa River)

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada kwa wanaotunza okidi nyumbani, hasa waliokaa na hii mimea miaka mingi.

Okidi zangu ziko barazani, upande usiopigwa na jua la mchana. Nina Phalaenopsis za kununua dukani, Dendrobium kadhaa, na Cattleya moja ya zambarau niliyogawiwa na jirani alipokuwa anahama. Hiyo Cattleya ndiyo inayoninyima usingizi. Majani yake ya zamani yana mabaka meusi yaliyobonyea, ukipitisha kidole unayahisi, na mengi yako upande wa chini. Nilidhani ni uzee wa jani. Lakini chipukizi lililotoka baada ya masika limekuja na jani lenye michirizi ya urefu, kijani kilichopauka kikipishana na kijani kilichokolea, toka kitako cha jani hadi nchani. Ukilielekeza kwenye mwanga ndiyo inaonekana vizuri. Ua nalo lilifunguka safi kabisa, halafu likaanza kupata michirizi ya kahawia muda wake haujaisha.

Duka la pembejeo walinipa dawa ya ukungu. Nimepuliza kwa kufuata maelekezo, hakuna kilichobadilika. Kwenye kundi la WhatsApp mtu akaniambia ni virusi, choma baraza zima. Na sasa Phalaenopsis iliyokaa karibu nayo nimeiona ina doa la mviringo kama pete. Nichome? Nipulize nini? Picha ziko chini hapo, tatu za majani na moja ya ua.

Chinga_Mbegu

Dada usichome kitu. Hayo mabaka meusi ni ukungu, hiyo dawa ya kwanza ilikuwa laini. Tafuta yenye kopa, yaani shaba, piga zote kila wiki, ikifika mwezi utakuja kutoa ushuhuda hapa.

Babu wa Soni (Lushoto)

Chinga, ndugu yangu, hapo kwenye kopa naomba tumsimamishe. Ametuambia ana Dendrobium, na kopa inaunguza Dendrobium. Akipiga zote kila wiki atatuletea picha za mimea mingine iliyopukutisha majani, na safari hiyo ugonjwa utakuwa ni dawa yenyewe.

MamaTrizah mwanangu, nimezikuza picha zako na kuzitazama moja moja. Sitasema "ni virusi" kwa kutazama picha, na asikuambie hivyo mtu mwingine yeyote. Ila uliyoeleza yanatosha kuuhesabu huo mmea mgonjwa kuanzia leo jioni. Utoe barazani. Kuusogeza pembeni ya benchi hakutoshi, upeleke mahali ambapo maji yake hayaudondokei mmea mwingine na majani yake hayagusani na ya mwenzake. Phalaenopsis yenye pete nayo itoe, lakini usiiweke pamoja na Cattleya. Kila mshukiwa akae peke yake, kwa sababu mmoja wao akiwa mzima utakuwa umempeleka kwa mgonjwa.

Halafu mkasi wako uweke chini. Usikate ua, jani wala mzizi wa okidi yoyote mpaka tumalize kuongea. Nitaeleza sababu.

Kwenye okidi za nyumbani virusi viwili ndivyo vinavyokutwa mno, karibu kila nchi inayolima mimea hii. Kimoja ni kile cha mozeki, yaani mabaka ya rangi, ya okidi ya Cymbidium, kwa kifupi CymMV. Cha pili ni cha madoa-pete ya okidi ya Odontoglossum, ORSV. Vyote vilielezwa na wataalamu wa California mwaka 1951, na tangu hapo havijapatiwa dawa. Ukiona chupa dukani imeandikwa inatibu virusi vya mimea, rudisha pesa yako mfukoni. Dawa ya ukungu inaua kuvu, dawa ya wadudu inaua wadudu. Virusi vimo ndani ya chembe hai za mmea wenyewe, hakuna unachopuliza kikavifuata humo.

Sasa sikiliza jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote. CymMV na ORSV havina mdudu anayejulikana kuvieneza. Vinakaa kwenye utomvu, na utomvu unahamishwa na sisi tunaotunza: wembe, mkasi, kucha tunayochumia ua lililonyauka, chungu kilichotumika, waya wa kufungia. Mtu anakata shina la ua la mmea mgonjwa, anahamia la mmea mzima, la tatu, la nne, jioni amemaliza baraza. Mimea haionyeshi chochote miezi mingi, na wakati dalili zinatoka ameshasahau alianzia wapi.

Sisi watu wa huku tuna historia ndefu na mambo haya. Batobato ya muhogo iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi hii hii, na ugonjwa wa muhogo wa michirizi ya kahawia aliueleza mtafiti Storey mwaka 1936, enzi za kituo cha utafiti cha Amani. Mkulima wa muhogo anajua ukikata pingili kwenye shina gonjwa umepanda ugonjwa. Tofauti ni kwamba muhogo una inzi weupe wanaomalizia kazi. Kwenye baraza lako kazi yote inafanywa na mkasi, na mkasi uko mikononi mwako. Ndiyo maana nakwambia usiogope.

Vipo virusi vingine vinavyobebwa na wadudu. Kile cha madoa ya okidi, OFV, huenezwa na utitiri bapa wa jamii ya Brevipalpus, mdogo kiasi kwamba bila lenzi humwoni. Vingine huletwa na thripsi, vingine na vidukari. Kwa hiyo wadudu uwadhibiti. Ila ukiwa na okidi chache barazani, anza na wembe.

MamaTrizah

Babu shikamoo, na asante sana. Cattleya nimeipeleka nyuma ya stoo, Phalaenopsis iko dirishani jikoni peke yake. Nimeelewa habari ya mkasi. Lakini naomba unisaidie: nitatofautishaje hayo madoa kwa macho? Maana nimeanza kukagua zote na sasa kila doa naliona virusi.

Babu wa Soni

Marahaba mwanangu. Hiyo hali ya kuona virusi kila mahali humpata kila mtu. Tuanze na vitu vinavyofanana navyo.

Jani lililounguzwa na jua lina baka upande unaotazama jua, linaanza kupauka, kisha linakauka na kuwa jeusi au kahawia, na halisogei. Bakteria huonekana kama maji yameingia chini ya ngozi ya jani, pana rangi ya njano kuzunguka, na kwenye Phalaenopsis ndani ya siku chache jani lote linaweza kuwa ute wenye harufu mbaya. Chumvi za mbolea huunguza ncha za majani. Utitiri huacha upande wa chini wa jani na mng'ao wa fedha wenye vitundu vidogo vidogo. Maji ya baridi yakilala kwenye jani la Phalaenopsis, hasa hizi baridi zenu za Juni na Julai, chembe za ndani hufa na kuacha mashimo ambayo baadaye hugeuka meusi. Nimeona watu wakitupa Phalaenopsis nzuri kwa sababu ya maji ya baridi tu.

Ukungu ndio unaochanganya. Huanza na doa la njano upande wa chini, linabonyea, linakuwa zambarau au kahawia. Lakini ukirekebisha hewa na unyevu, chipukizi linalofuata hutoka safi. Virusi vimeenea mwilini mwa mmea, kwa hiyo chipukizi jipya linazaliwa navyo. Ndiyo maana niliposoma habari ya jani jipya lenye michirizi moyo ulinishtuka kuliko nilipoona mabaka meusi.

Na ua nalo lina ushahidi. Cattleya yenye CymMV mara nyingi hufungua ua zuri, kisha baada ya siku kadhaa petali zinapata michirizi ya kahawia. Yenye ORSV rangi yenyewe ya ua hukatikakatika, pengine imekolea pengine imepauka, bila mpangilio, na petali zinaweza kujikunja. Kwenye ua jeupe hutaona hiyo, maana hakuna rangi ya kukatika.

Ila pamoja na yote hayo, macho hayatoshi. Phalaenopsis hasa inaweza kuishi na virusi miaka mingi inatoa maua mazuri na majani ya kung'aa, huku inaambukiza. Na mmea mwingine una sura ya kutisha, ukiupima ni mzima. Pima.

Shiro_Limuru

Hamjambo wote. Babu, heshima zako. Naongezea hapo kwa kupima kwa sababu sisi huku na wenzangu tunapima mara kwa mara.

Kuna vipimo vya ukanda, vinafanana sana na vile vya ujauzito vya dukani. Ukanda mmoja unaweza kupima CymMV na ORSV kwa pamoja. Vinaagizwa kutoka nje, na usafirishaji ndio hukula pesa, kwa hivyo sisi tunaagiza kwa kikundi halafu tunagawana. Angalia tarehe ya kuisha na uviweke mahali pakavu.

Ukipima, kata kipande kidogo cha jani kwa wembe mpya kabisa, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba hivi, au kama karatasi ya maelekezo inavyosema. Kata penye dalili, usikate jani zuri la mbali eti kwa sababu unalihurumia lile lenye madoa. Kipande kinaingia kwenye kifuko chenye maji maalum, katikati ya zile nyavu mbili. Kisha unakisugua kwa nje na kitu butu, mfano nyuma ya kalamu, mpaka maji yawe ya kijani. Hapo unasimamisha ukanda ndani, usizamishe kupita alama.

Mstari wa udhibiti lazima utokee. Usipotokea, hicho kipimo kimeharibika, hata kama umeona nini. Mstari wa virusi ukitokea, hata ukiwa hafifu sana kiasi cha kuinamisha kichwa ndiyo uuone, hesabu ni upo. Na usome ndani ya muda ulioandikwa. Usiache ukanda usiku kucha halafu asubuhi uanze kuhesabu mistari.

Kitu watu husahau: majibu ya "hakuna" si cheti cha maisha. Mmea ulioambukizwa juzi unaweza kuwa na virusi vichache mno, na pia virusi havigawanyiki sawa kwa mmea wote, shina hili vimejaa, lile kidogo. Kwa hivyo mshukiwa ukimpima akawa hana, mweke kando vilevile, umpime tena miezi kadhaa mbele kutoka chipukizi lingine.

Maabara yenye vipimo vya virusi vya ELISA au PCR ni bora zaidi kama unaweza kuifikia. Hapa Kenya ukiwa na swali la afya ya mimea huanzia KEPHIS, shirika la serikali la kazi hiyo. Kwenu Tanzania nafikiri ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pale Arusha, na MamaTrizah wewe uko karibu. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea sampuli ya aina hii na gharama yake.

Fundi_Bustani

Swali dogo kwa wazee wa uzi. Mimi napangusa mkasi kwa spiriti kila mmea. Hiyo si inatosha?

Babu wa Soni

Hapana, kijana wangu, haitoshi. Spiriti inasaidia kwa bakteria na baadhi ya kuvu. ORSV ni ndugu wa karibu wa virusi vya mozeki ya tumbaku, hata zamani wengine walikiandika kama aina yake, na ukoo huo ni mgumu kufa. Unakaa kwenye utomvu uliokauka juu ya chuma na kwenye kuta za chungu muda mrefu sana. Spiriti inapita juu yake tu.

Njia ninayoiamini ni wembe wa kunyolea, mmoja kwa mmea mmoja. Pakiti ya nyembe ni bei ya chai na chapati. Unakata, unautia kwenye kopo lenye mfuniko, unachukua mwingine. Hata unapogawa mmea mkubwa, au unakata mzizi uliooza, wembe mpya.

Kwa mkasi wa kukatia mashina magumu tumia moto. Nazungumzia moto wa kweli, chuma kiwe chekundu kwenye mwali wa gesi, kisha kipoe chenyewe. Kupitisha juu ya kiberiti ni kujifariji. Moto unaharibu ukali wa mkasi, kwa hiyo nina mikasi ya bei rahisi ya kazi hiyo.

Asiyependa moto atumie trisodiamu fosfati, wakemia na wauza sabuni za viwandani wanaijua. Gramu 100 kwenye lita moja ya maji, mkasi uoshwe utomvu kwanza kisha ulowekwe. Vaa glavu, inaunguza ngozi. Jiki nayo inafanya kazi, sehemu moja kwa tisa za maji, lakini inakula chuma na inaisha nguvu haraka, kwa hiyo changanya mpya siku ya kazi. Usichanganye jiki na sabuni au kemikali nyingine, mvuke wake ni sumu.

Kwa mikono, sabuni na maji mengi, na kucha fupi. Wakulima wa tumbaku na nyanya wamekuwa wakichovya mikono kwenye maziwa ya unga yasiyo na mafuta yaliyokorogwa na maji, kwa sababu protini ya maziwa huzuia virusi vya ukoo huo visiambukize. Mimi hufanya hivyo nikishika mimea mingi kwa siku moja.

Bi Rukia wa Pongwe

Assalamu alaykum wanajamvi. Nimeusoma uzi wote, nami nina langu kwa heshima ya Babu.

Nina Cattleya ya miaka mingi iliyopimwa ikaonekana na CymMV. Sikuichoma. Inakaa peke yake chini ya mwembe nyuma ya nyumba, mbali na wenzake, ina kisu chake kimefungwa kwa kamba kwenye kitanda chake, na huwa ya mwisho kumwagiliwa. Inatoa maua kila mwaka na nyuki wanakuja. Simgawii mtu hata jicho moja. Kuchoma kila kitu naona ni kupita kiasi, hasa mmea ambao huwezi kuupata tena.

Babu wa Soni

Wa alaykum salaam Bi Rukia. Masharti yako ni ya mtu anayejua anachofanya, na nisingekuja Pongwe kukuchomea mmea. Lakini wewe ni mmoja kati ya wengi. Nikimwambia mtu mgeni kwenye okidi "unaweza kuubakiza", atafuata ile sehemu ya kubakiza, na ile ya kisu kilichofungwa kwa kamba ataisahau wiki ya pili. Halafu atasafiri, mdogo wake atamwagilia, ataona ua limenyauka, atalichuma kwa mkono na kuendelea na mengine.

Msimamo wangu: mmea wa dukani unaopatikana tena, ukithibitika, ufungwe kwenye mfuko na uchomwe. Mmea wa nadra unaweza kubaki kwa masharti ya Bi Rukia. Na upo mlango mwingine: CymMV na ORSV kwa kawaida havipiti kwenye mbegu. Kama ni aina ya asili usiyotaka ipotee, mmea mgonjwa unaweza kuzaa kizazi kizima kwa mbegu iliyokomaa ikioteshwa maabara. Mseto wenye jina haurudi vilevile kwa mbegu, lakini aina ya asili inarudi.

Bi Rukia wa Pongwe

Hapo kwa wageni nakubaliana nawe, Babu. Nisingependa mtu aupite uzi huu achukue mfano wangu nusunusu. Nami naongeza: hata mmea wangu ukifa, sitautupa kwenye mbolea. Utaingia motoni na chungu chake.

Mkulima_Kanyigo

Samahani naingilia. Mimi silimi maua, nalima vanila huku Kagera. Nimesikia vanila nayo ni okidi. Je, haya mambo yananihusu? Tunapanda kwa vipande vya mashina tunavyopeana majirani.

Babu wa Soni

Yanakuhusu sana, tena wewe riziki yako imo humo. Vanila ni okidi, na CymMV imeshakutwa kwenye vanila Réunion, Polinesia ya Ufaransa na Madagaska. Vanila ina pia virusi vinavyobebwa na vidukari, na hivyo ndivyo vinavyokunja majani na kuyapa mozeki inayoonekana wazi.

Kwako hatari imo kwenye kile kipande. Ukichukua mche kwa jirani, usiangalie kipande ulichopewa tu, nenda ukaone shamba alipokikata. Majani yaliyojikunja, yenye mabaka ya njano na kijani, ncha zinazodumaa, shamba hilo usichukue kitu hata kama ni bure. Kila mvanila wembe wake unapokata, au kisu kwenye moto. Na kile kipande kipya kiote pembeni kwanza, kisiingie katikati ya shamba moja kwa moja. Mvanila wenye dalili ung'oe na mizizi, usiuburute kupita juu ya mingine.

Mkulima_Kanyigo

Nimekuelewa mzee. Kisu huwa tunatembea nacho shamba zima. Nitawafikishia wenzangu kwenye ushirika.

Kitalu_cha_Mbweni

Mimi nauza okidi, nyingi zinatoka nje, zimezalishwa kwa chupa maabara. Wateja huniambia za chupa hazina ugonjwa. Ni kweli?

Shiro_Limuru

Nijaribu hiyo. Inategemea mama yake. Mfaransa Georges Morel ndiye aliyeandika mwaka 1960 jinsi ya kupata Cymbidium zisizo na virusi kwa kukata ile ncha ndogo sana ya chipukizi, mahali virusi havijafika, na kuiotesha kwenye chupa. Njia hiyo hiyo ndiyo ilifungua biashara ya kuzalisha okidi kwa maelfu. Lakini mzalishaji akichukua kipande kikubwa kutoka mmea usiopimwa, anazalisha ugonjwa kwa maelfu vilevile, kila mche umezaliwa nao. Miche ya mbegu huwa salama zaidi mwanzoni, mpaka ifike mikononi mwetu.

Kwa hivyo muulize anayekuletea kama mimea mama hupimwa, na kwa virusi gani. Cheti cha afya ya mimea cha mpakani ni lazima kiwepo, lakini hakimaanishi kila mche ulipimwa CymMV na ORSV. Na kwako kitaluni, ile ndoo moja ya kuchovya vyungu vyote ili vinywe maji, achana nayo. Mwagilia kutoka juu, kila mmea maji yake yaende zake.

Babu wa Soni

Niongeze moja kwa wenye vitalu na kwa sisi sote. Usiende msituni kutafuta okidi eti za porini hazina virusi. Okidi zote ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na zetu, Ansellia, Aerangis, Angraecum, Polystachya, zinatoweka kwa sababu ya mikono ya watu. Na kinyume chake pia: mtu asichukue mmea wake mgonjwa akaufunga kwenye mti kando ya msitu kwa huruma. Nimeona imefanywa, na iliniuma sana.

MamaTrizah

Wapendwa narudi na majibu. Shiro alinitumia vipimo kwa basi kutoka Nairobi, Mungu ambariki.

Cattleya: mistari yote miwili imetokea, wa CymMV umekolea, wa ORSV hafifu lakini upo. Nilimwita mume wangu naye akauona. Phalaenopsis yenye pete haina chochote, ni mstari wa udhibiti peke yake. Dendrobium mbili zilizokuwa zimepakana na Cattleya, moja haina, moja ina CymMV, na hiyo haikuwa na doa hata moja! Majani yake ndiyo mazuri kuliko yote niliyonayo. Ningechagua kwa macho ningeibakiza.

Cattleya na hiyo Dendrobium tumezichoma pamoja na magome ya miti yaliyopandiwa. Iliniuma, lakini ni mimea ninayoweza kuipata tena. Sasa nina maswali mawili. Ile Phalaenopsis yenye pete inarudi barazani? Na vyungu, vya plastiki na vya udongo, naviokoa au vyote viende?

Shiro_Limuru

Pole MamaTrizah, na hongera kwa kupima. Phalaenopsis usiirudishe bado. Kumbuka ukanda ule unaona virusi viwili tu. OFV na vile vya thripsi huweza kuchora pete, na ukanda huo hauvioni. Tafuta lenzi uangalie chini ya majani kama kuna utitiri. Ikitoa majani mapya mawili safi, na kipimo cha pili kikawa safi, hapo nitakubali ilikuwa baridi au kitu kingine.

Babu wa Soni

Mwanangu, hiyo Dendrobium yako ndiyo somo ambalo maneno yangu yote hayakuweza kulitoa. Picha yake kama unayo iweke hapa wengine waione.

Vyungu: vya plastiki vya Cattleya na Dendrobium zilizochomwa, tupa, ni bei ndogo. Vya udongo vina vitundu vinavyonyonya utomvu na mizizi hugandamana ndani. Visugue kwa brashi mpaka mizizi yote itoke, ndipo vilowekwe kwenye jiki ile ya moja kwa tisa usiku mzima, vioshwe, vikauke juani. Kama una tanuri la kuokea, chungu kitupu kwenye moto mkali saa nzima ni bora zaidi. Magome na mkaa uliotumika havirudi kwenye mmea mwingine kamwe. Benchi nalo lisugue.

Mimea iliyobaki barazani iandikie kila mmoja kibao: tarehe uliyoupata, ulitoka kwa nani, tarehe ya kipimo na majibu. Iliyokatwa kwa mkasi ule ule tangu Cattleya iingie nyumbani ndiyo ipimwe kwanza vipimo vikipatikana tena. Mgeni yeyote akae miezi miwili au mitatu nje ya baraza kabla ya kuwagusa wenyeji, hata akiletwa na mimi.

MamaTrizah

Picha ya Dendrobium nimeiweka, ni ile niliyopiga asubuhi ya siku tuliyoichoma. Vibao nimevikata kwenye makopo ya mtindi, naandika kwa penseli maana wino unafutika na maji. Jirani aliyenipa ile Cattleya nimempigia pia, na yeye amebaki na nusu yake huko Dodoma, na amegawia watu wengine wawili. Tunawatafuta.

Chinga_Mbegu

Dada, hao wawili wakipatikana na wakihitaji vipimo, mimi huwa napanda Nairobi kuchukua mbegu kila mwezi. Shiro akikubali nitavibeba bila nauli. Na kopa kwenye Dendrobium nimeipata, Babu, wateja wangu sitawaambia tena.